Mhudumu akija na simu kuuliza kuhusu homa: anauliza nini, taarifa zinakwenda wapi

Ikitokea mhudumu wa afya ngazi ya jamii akapiga hodi kwako Newala, Masasi au Tandahimba, akakaribishwa mkekani, kisha akatoa simu na kuanza kuibonyeza huku anakuuliza nani ameumwa ndani ya siku 7, usidhani anachati. Anajaza fomu. Zamani fomu hiyo ilikuwa karatasi, sasa iko ndani ya simu janja au kishikwambi. Wengi wetu tulivizoea vishikwambi kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba navyo. Tofauti ni kwamba karani wa sensa alikuhesabu. Mhudumu wa afya, hasa wakati wa mlipuko wa ugonjwa, anatafuta kitu kinachotembea.

Ninaandika haya kwa sababu kila tunapokwenda vijijini maswali huwa yale yale. Kwa nini mnauliza jina la mwenyekiti? Kwa nini simu inataka kujua nyumba yangu ilipo? Mbona mmekuja mkaandika na hamkurudi? Ni maswali ya haki, na nitayajibu kadiri ninavyoweza. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia hapa hapa kwetu.

Ugonjwa uliopewa jina na Wamakonde

Katikati ya mwaka 1952 watu wa Nyanda za Juu za Makonde walianza kuugua homa ya ghafla. Mtu analala mzima, asubuhi hawezi kusimama. Viungo vinauma, magoti, vifundo vya miguu, viganja, mpaka mtu anatembea amejikunja. Ugonjwa ulienea vijiji vingi vya Newala na Masasi na kuendelea hadi mwaka 1953. Wenyeji waliupa jina kwa walichokiona: chikungunya, neno la Kimakonde la kuelezea hali ya kujikunja. Vitabu vingi vya nje viliandika kuwa ni neno la Kiswahili. Si kweli, na wazee wa Newala wana haki ya kusikitika kidogo.

Daktari Marion Robinson, aliyekuwa hospitali ya misheni ya Lulindi, Masasi, aliandika dalili za wagonjwa. W.H.R. Lumsden alichunguza ugonjwa ulivyoenea, mbu waliokuwepo na namna watu walivyotunza maji. R.W. Ross, katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alivipata virusi vyenyewe kwenye damu ya wagonjwa wa kwetu. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955 na 1956. Tangu hapo, popote ugonjwa huo unapotokea, iwe Lamu, Reunion, India au visiwa vya Karibi, unaitwa kwa jina lililotoka kinywani mwa mtu wa Newala.

Angalia miaka hiyo. Homa ilianza 1952, dunia ikasoma habari zake 1955. Siwalaumu. Walifanya kazi kwa kalamu, kwa barabara za mchanga, na kwa sampuli zilizosafirishwa hadi nchi nyingine. Na bado waligundua jambo ambalo hadi leo ndilo la msingi: juu kwetu hakuna mito wala madimbwi, akina mama waliteremka bondeni kuteka maji, na kwa kuwa maji yalipatikana kwa taabu yalitunzwa ndani ya nyumba kwa siku nyingi. Mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, alizaliana humo humo kwenye vyombo vya maji. Nyumba ilikuwa na ukame nje na kidimbwi ndani.

Jambo kama hilo lilitokea Lamu mwaka 2004. Kulikuwa na ukame, watu wakahifadhi maji, chikungunya ikapiga sehemu kubwa ya watu wa mji. Kutoka huko ikafika Mombasa, kisha visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 2005 na 2006 kisiwa cha Reunion peke yake kilikadiriwa kuwa na wagonjwa zaidi ya 260,000, yaani karibu theluthi ya wakazi wake.

Kwa nini siku chache zina maana kubwa

Mgonjwa wa chikungunya huwa na virusi vingi kwenye damu katika siku za mwanzo za homa. Mbu akimuuma wakati huo anavibeba. Zinapita siku kadhaa ndani ya mbu, kisha mbu huyo akimuuma mtu mwingine anamwambukiza. Huyo wa pili hukaa siku 3 hadi 7 kwa kawaida kabla hajaanza kuumwa. Ukijumlisha, kati ya mgonjwa mmoja na wale anaowaambukiza kuna wiki moja hadi mbili hivi.

Sasa chukua njia ya karatasi. Mhudumu anaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi anapeleka muhtasari zahanati. Zahanati inajumlisha na kupeleka kwenye halmashauri. Mtu wa takwimu anaingiza kwenye kompyuta. Mpaka Mganga Mkuu wa Wilaya anaona kwamba kijiji fulani kina homa isiyo ya kawaida, ugonjwa umeshapita mizunguko miwili au mitatu. Anatuma timu, timu inakuta watu wanaosimulia. Simu inafupisha safari hiyo tu. Haitibu mtu, haiui mbu.

Mfano wa karibu ni Ruangwa, jirani zetu wa mkoa wa Lindi. Julai 2022 watu walifika kituo cha afya Mbekenyera wakiwa na homa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani. Ndani ya siku chache timu ya wataalamu ilikuwa imefika, sampuli zimepelekwa maabara, na tarehe 18 Julai Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ni homa ya mgunda, ambayo watu huipata kwa kugusa maji au vitu vilivyochafuliwa na mkojo wa wanyama wenye maambukizi. Wagonjwa walikuwa 20, waliofariki 3. Kilichosaidia pale si teknolojia ya ajabu. Watoa huduma wa kituo cha afya waliona jambo lisilo la kawaida, wakasema hapo hapo, na hawakusubiri ripoti ya mwezi.

Ndani ya fomu kuna nini

Programu nyingi za kukusanya taarifa za afya zina asili moja. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walianza kutengeneza mfumo huria unaoitwa ODK, ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bure kutengeneza fomu ya maswali kwenye simu. Kutoka humo zikazaliwa nyingine nyingi. Hapa Tanzania, kituo cha SACIDS kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza AfyaData. Walipoijaribu Ngorongoro na Morogoro, wahudumu wa kawaida wa vijijini waliripoti matukio zaidi ya 1,900 ndani ya miezi 5, na sehemu kubwa sana ilikuwa ya mifugo. Ni jambo zuri, maana magonjwa mengi ya milipuko huanzia kwa wanyama, na mfugaji huona ng'ombe akitupa mimba kabla nesi hajaona mtu akiumwa.

Hata Newala hatukuwa nyuma. Mwaka 2004, kabla hatujajua simu janja ni nini, watafiti wa Ifakara walipita kaya zaidi ya 20,000 katika wilaya 5 za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwemo, wakiandika majibu kwenye vikompyuta vidogo vya mkononi badala ya karatasi. Pengine wewe au mama yako mliwajibu.

Wakati wa mlipuko wa homa fomu huwa fupi. Huanza na kijiji na kitongoji. Kisha umri na jinsia. Kisha tarehe homa ilipoanza, na hapa nakuomba utulie ufikirie, kwa sababu hii ndiyo tarehe muhimu kuliko zote. Si tarehe uliyokwenda zahanati, wala siku mhudumu alipokuja. Ni siku mwili ulipoanza kuchemka. Kama hukumbuki tarehe, taja tukio: siku ya mnada, Ijumaa baada ya swala, siku ya mazishi ya fulani. Mhudumu mzuri atahesabu mwenyewe.

Kisha zinakuja dalili: kuumwa viungo, vipele, kutapika, kuharisha, kutokwa damu, macho mekundu. Simu haikuulizi kila kitu. Ukisema hapana kwa kuharisha, inaruka maswali ya kuharisha. Ukisema ndiyo kwa kutokwa damu, inafungua mengine na huenda ikamtaka mhudumu apige simu papo hapo. Mwanamke akiwa na umri wa kuzaa ataulizwa kama ana mimba, na si umbea. Mama akiwa na chikungunya karibu na kujifungua anaweza kumwambukiza mtoto, na mtoto mchanga huumwa vibaya.

Mwisho simu huchukua mahali ulipo kwa kutumia setilaiti. Hapo mhudumu hutoka nje, anasimama uwanjani na simu mkononi kama mtu anayetafuta mtandao. Chini ya bati simu haipati mahali sawasawa. Inaweza kukosea kwa makumi ya mita na kukuhamishia kwa jirani. Kwa ugonjwa wa mbu wa Aedes hilo lina maana, maana mbu huyo haruki mbali, mita mia chache tu kwa kawaida. Nyumba 6 zenye wagonjwa zikiwa zimezunguka tanki moja lisilo na mfuniko, ramani inaonyesha kitu ambacho orodha ya majina isingekionyesha. Lahore, Pakistani, baada ya mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2011, wafanyakazi wa serikali walipewa simu za kupiga picha kila mahali waliposafisha mazalia ya mbu, picha ikibeba mahali na saa. Ikawa vigumu mtu kusema amesafisha akiwa amekaa kivulini.

Kuhusu mtandao: fomu haihitaji bando wakati wa kujaza. Inahifadhiwa kwenye simu na kutumwa mhudumu akifika penye mtandao. Kwa hiyo akikwambia "nitatuma nikifika barabarani", hakudanganyi. Tatizo ni pale anapokaa na fomu wiki nzima kwa sababu chaji imeisha, sola ya jirani imeharibika, au bando alitakiwa ajinunulie. Nimekutana na simu yenye kioo kilichopasuka ikiwa na fomu 9 za kijiji kimoja, hakuna hata moja iliyoondoka. Mlipuko ulikuwa mfukoni mwa mtu. Wanaotoa simu bila kutenga hela ya bando wanajidanganya wenyewe, na hili nalisema kila kikao mpaka nimechokwa.

Swali ambalo fomu nyingi hulisahau

Mkoa wa Mtwara una malaria nyingi, kila mtu anajua. Mtu akija na homa tunampima kwa kipimo cha haraka. Kikisoma ana malaria, anapewa dawa mseto. Kikisoma hana? Hapo ndipo taarifa hupotea. Wengine huandikiwa malaria hivyo hivyo, wengine UTI, wengine "homa". Mgonjwa anaondoka, dawa imetolewa, na kwenye takwimu hakuna kilichotokea.

Nilipoanza kutumia fomu ya simu, orodha ya dalili haikuwa na kuumwa viungo. Nilikutana na bibi mmoja aliyeshindwa kufumba kiganja kwa siku nne, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikatafuta pa kuandika, sikupata, nikachagua "maumivu mengine". Wenzangu walifanya vile vile. Mtu aliyekaa mjini akisoma takwimu zetu aliona rundo la "maumivu mengine" na hakuna sababu ya kushtuka. Bibi mwenyewe alikuwa ameniambia kwa Kimakonde hali yake kwa usahihi kuliko fomu yangu. Alikuwa amejikunja, na alisema amejikunja.

Kwa hiyo mhudumu akikusomea orodha ya dalili na yako haimo, usinyamaze. Sema kwa lugha yako, Kimakonde, Kimakua au Kiyao, na mwombe aandike kama ulivyosema kwenye nafasi ya maelezo. Fomu yoyote iliyotengenezwa vizuri ina nafasi hiyo. Kama haina, arudishe malalamiko kwa waliomtuma.

Mganga akipata taarifa kwamba kijiji kimoja kina watu 12 wenye homa ya ghafla na viungo kuuma, na vipimo vyote vya malaria havikuonyesha kitu, ana sababu ya kutuma mtu kuchukua damu. Chikungunya na dengi hufanana sana siku za mwanzo, huenezwa na mbu yule yule, na jicho halitoshi kuvitofautisha. Katika wiki ya kwanza maabara hutafuta virusi vyenyewe, baadaye hutafuta askari wa mwili dhidi yake. Tofauti ina maana kwako. Chikungunya mara chache huua, ila viungo vinaweza kuuma wiki au miezi, hasa kwa wazee. Dengi inaweza kuleta kutokwa damu. Mwaka 2019 nchi yetu ilikuwa na wagonjwa wa dengi zaidi ya 6,000, wengi wao Dar es Salaam, na mabasi ya Dar yanafika Masasi kila siku.

Kwa sababu hiyo, ukiwa na homa na viungo vinauma, na haijajulikana ni nini, tumia parasetamo, kunywa maji mengi na pumzika. Usikimbilie diklofenaki, ibuprofeni au asprini kutoka duka la dawa mpaka dengi iondolewe kwenye mawazo, maana dawa hizo zinaweza kuongeza kutokwa damu. Najua sindano ya diklo ina wapenzi wengi. Vumilia. Ukiona damu kwenye fizi au puani, tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma au kulegea, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Namba inaweza kudanganya

Kuna jambo ambalo hata sisi wataalamu tunalisahau. Kijiji chenye mhudumu mchapakazi huonekana kina wagonjwa wengi. Kijiji ambacho mhudumu wake amesafiri huonekana kizima. Ramani ikiwa na madoa mekundu Kitangari na nyeupe kijiji cha pili, swali la kwanza ni nani alikuwa na simu wapi. Ndiyo maana mhudumu hutakiwa kutuma taarifa hata kama hakuna mgonjwa. Sifuri iliyotumwa ni taarifa. Ukimya hauna maana yoyote.

Msimu nao unachanganya. Kuanzia Oktoba watu wako kwenye korosho, wengine wanalala shambani kabisa. Mhudumu anapita nyumba zimefungwa, anaandika hakuna mtu. Wagonjwa wako chini ya mikorosho. Tukiwa na akili tunawafuata huko, au tunakwenda siku ya mnada wa chama cha msingi.

Na mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara tatu: mhudumu amemwandika nyumbani, zahanati wamemwandika, na mwanae aliyeko Dar amepiga simu kuripoti. Kwa hiyo usishangae ukisikia namba iliyotangazwa leo ni ndogo kuliko ya juzi. Mara nyingi ni usafi wa takwimu, si kuficha.

Jina lako, na nani anaruhusiwa kuliona

Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, mwenzetu alipiga picha ukurasa wa rejesta na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kazi. Nia yake ilikuwa njema, alitaka wenzake waone haraka. Picha ikatoka kwenye kundi, ikafika kwenye lingine, na ndani ya siku mbili jina la mama mmoja na ugonjwa wake vilikuwa vinasomwa gengeni. Familia ile haikukanyaga tena kituo chetu. Mtoto wao alipougua walimpeleka mbali, na walichelewa. Mtoto alipona, nashukuru, lakini mama yule hakunisamehe hata mimi ambaye sikutuma picha, na sioni kosa lake.

WhatsApp si programu ya kukusanya taarifa za wagonjwa. Programu za kazi huwa na nywila, fomu ikishatumwa haibaki wazi kwenye simu, na anayesoma ramani ya wilaya hahitaji jina lako. Anahitaji umri, kitongoji, tarehe na dalili. Jina linahitajika pale tu unapofuatiliwa wewe mwenyewe, kwa mfano kurudishiwa majibu ya damu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko.

Kabla hujajibu una haki ya kuuliza unafanya kazi na nani na kitambulisho kiko wapi, taarifa zinakwenda wapi, jina langu linaandikwa kwa sababu gani, na nikikataa swali moja nitanyimwa huduma? Jibu la mwisho lazima liwe hapana. Mwenyekiti wa kijiji anatakiwa awe na habari ya kazi hiyo, na ndiyo sababu jina lake humo. Mtu anayetaka namba ya NIDA, namba ya siri ya simu au hela ili "akuandikishe kwenye mfumo wa homa" ni tapeli, mfukuze. Picha ya mtoto wako ya uso si lazima. Kama ni vipele, picha ya mkono inatosha, na kwa ridhaa yako.

Wakati wa Ebola mashariki ya Kongo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200. Wataalamu walikuwa na simu, ramani na chanjo, lakini watu wengi waliochoshwa na vita hawakuwaamini, na vituo vya tiba vilishambuliwa. Mtu anayekuja na simu nzuri kwenye kijiji kisichomwamini anarudi na majibu ya uongo, yaliyopangwa vizuri.

Sisi tunaoishi karibu na Ruvuma tunalijua hili kwa namna yetu. Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja Aprili 2019, shule za Mtwara zilifungwa na watu wakaambiwa wahame mabondeni. Kikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, na baada yake Pemba ya Msumbiji ikapata kipindupindu. Kila mtu aliyekuwa na ndugu upande ule alikuwa anapokea ujumbe wa sauti, wa kweli na wa kutungwa. Katika wiki kama hizo fomu moja iliyojazwa na mtu anayejulikana ina uzito kuliko jumbe mia.

Kama huna simu janja

Huihitaji. Vituo vya afya vinaweza kutuma taarifa ya ugonjwa wa hatari hata kwa simu ya kitochi kupitia mfumo wa wizara wa ufuatiliaji wa magonjwa. Wewe mwenyewe unaweza kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo. Kwa dharura ya mjamzito au mtoto mchanga ipo 115 ya m-mama. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii yupo; Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Muulize mwenyekiti wako ni nani kwenye kitongoji chenu.

Piga au mtume mtoto ukiona watu watatu au zaidi wa nyumba moja au majirani wanapata homa ya aina moja ndani ya wiki moja, ukiona mtu ana homa na anatokwa damu, ukiona kuharisha maji kama ya mchele, au kuku, mbuzi na ng'ombe wanakufa kwa wingi bila sababu. Usisubiri uhakika. Sisi tunapokea taarifa nyingi za uongo wa bahati mbaya na hatugombezi mtu.

Na mhudumu akimaliza maswali, atataka kuona vyombo vyako vya maji. Hapo akina mama wengi hukunja uso, wakidhani wanakaguliwa usafi. Anatafuta viluwiluwi. Kutoka yai hadi mbu ni wiki moja hivi kwenye joto letu, na mayai ya mbu huyu hukaa yameganda kwenye ukuta wa pipa kavu kwa miezi, yakisubiri maji. Kumwaga tu hakutoshi. Sugua ndani kwa brashi au gunzi mara moja kila wiki, hasa mstari maji yalipoishia. Funika pipa, ndoo na tanki la bati kwa mfuniko unaoziba au kitambaa kizito kilichofungwa kamba. Matairi, vifuu na makopo ya rangi nyuma ya nyumba, toboa au tupa. Mbu anauma mchana, kwa hiyo mgonjwa anayelala saa 6 mchana alale ndani ya chandarua, hasa siku 5 za mwanzo, asije akamlisha mbu anayekwenda kwa jirani.

Mhudumu akiondoka, mwulize anarudi lini na majibu. Mwandikie siku hiyo kwenye kalenda ya ukutani mbele yake. Wengi wetu hurudi tukijua kuna mtu anatusubiri.